Namna ya Kujitolea Kumhudumia Mgonjwa wa Tiba Shufaa na Wanaomuuguza

Katika nchi zetu za Afrika Mashariki, mgonjwa wa tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia maumivu na mateso mwenye ugonjwa mzito, kwa kawaida hayuko katika jengo la hospisi, kituo maalumu cha huduma hiyo, bali amelala chumbani mwake, nyumbani kwake, na wauguzi wa hospitali humfuata huko kadiri usafiri na idadi yao inavyoruhusu. Hivyo ndivyo huduma hii ilivyokua tangu Nairobi Hospice ilipoanza mwaka 1990 na Hospice Africa Uganda mwaka 1993, na ndivyo inavyofanyika katika hospitali kama Selian ya Arusha. Baina ya ziara moja ya muuguzi na inayofuata, kazi yote ya mchana na usiku inabaki kwa mke, kwa binti aliyeacha biashara yake, au kwa mama mzazi ambaye naye umri umekwenda. Hapo ndipo mtu wa kujitolea anapohitajika. Mimi naamini kwamba jambo kubwa kuliko yote analoweza kulifanya ni kumpumzisha huyo anayeuguza, na maelezo yafuatayo yamejengwa juu ya imani hiyo.

Usianze peke yako kwa kubisha hodi kwenye nyumba uliyosikia ina mgonjwa. Nenda kwenye kitengo cha tiba shufaa cha hospitali iliyo karibu nawe, kwenye hospisi, au kwenye kamati ya kanisa au msikiti inayofanya kazi pamoja na hospitali, ueleze nia yako na uombe mafunzo. Utakutana na wagonjwa wa saratani, wa moyo na figo zilizochoka, waliopooza kwa kiharusi, na wanaoishi na virusi vya ukimwi, na wengi wao bado wanaendelea na matibabu, kwa kuwa tiba shufaa haingoji dawa nyingine zishindwe. Utatakiwa kutunza siri, na siri hiyo haina mipaka: jirani akikuuliza njiani mgonjwa anaumwa nini, jibu ni kwamba umekwenda kumjulia hali, basi. Kama wewe mwenyewe umefiwa hivi karibuni, mweleze mratibu anayewapangia kazi wanaojitolea, na usione vibaya akikushauri usubiri kwanza. Ahidi muda unaouweza, hata kama ni alasiri moja tu kwa wiki, kwa sababu familia itapanga shughuli zake kwa kukutegemea, na kutofika bila taarifa kunawaumiza zaidi kuliko kama usingeahidi kabisa.

Siku ya kwanza fuatana na muuguzi ambaye familia inamfahamu. Mwamkie mgonjwa kama unavyowaamkia wa rika lake. Kama anastahili shikamoo, mpe shikamoo yake hata ikiwa hawezi kuitikia, kwa maana ugonjwa haumwondolei mtu heshima yake. Kaa kwenye kiti au mkeka ili macho yenu yalingane, wala usisimame kandokando ya kitanda kama mtu anayetaka kuondoka. Wanaomuuguza waambie "poleni na kuuguza", kisha baadaye, mkiwa pembeni, muulize yule anayebeba mzigo zaidi kama usiku wa jana alilala. Swali hilo dogo hufungua mengi kuliko kuuliza "nikusaidie nini?", ambalo karibu kila mtu hulijibu kwa kusema hakuna shida. Ni bora useme unachoweza kukifanya: "Mama, leo nitakaa na mzee hadi saa kumi, wewe nenda kaoge, ulale, au nenda sokoni."

Kabla anayeuguza hajaondoka, hakikisha unajua dawa ziko wapi na ya mwisho ilitolewa saa ngapi, mgonjwa amekula au kunywa nini, alilazwa ubavu upi, anaitaje msaada anapotaka kujisaidia, na namba ya simu ya muuguzi imeandikwa wapi. Kama mgonjwa ni wa jinsia tofauti na yako, patana mapema na familia juu ya nani atamsafisha, kwa kuwa wengi hawataki kuvuliwa nguo na mgeni lakini huona haya kulisema. Anayeuguza akirudi na kukuta chumba kiko vilevile na mgonjwa ametulia, umefanya kazi yako. Wala usimhukumu akitumia muda wote huo kulala usingizi mzito chumba cha pili. Huenda ndio usingizi wake wa kwanza wa maana katika wiki nzima.

Kuna kazi mbili za mwili ambazo kila mhudumu wa kujitolea anapaswa kuzijua vizuri, na zote zinahitaji mikono iliyonawiwa kwa sabuni. Ya kwanza ni usafi wa kinywa. Mgonjwa anayepumulia mdomo au asiyekunywa vya kutosha hukauka ulimi, midomo ikapasuka, na hapo hata uji mlaini humchoma. Chukua kikombe cha maji yaliyochemshwa yakapoa, tia chumvi kidogo, chovya kitambaa laini kilicho safi, kamua mpaka kisichuruzike, kisha pangusa taratibu ufizi, ulimi na ndani ya mashavu, ukimweleza kila unachokifanya kabla ya kukifanya. Malizia kwa kumpaka midomoni mafuta ya mgando kiasi kidogo. Ukiona utando mweupe unaogoma kutoka, usiukwangue. Mwarifu muuguzi, kwani huenda ni fangasi na dawa yake ipo. Mgonjwa anayeweza kumeza mpe maji kwa kijiko, akiwa ameinuliwa kichwa na mabega, na akigeuza uso usimlazimishe. Familia nyingi huamini kwamba mgonjwa anakufa kwa sababu hali chakula, ilhali mwili unaokaribia mwisho hupoteza hamu ya chakula wenyewe. Waeleze hivyo kwa upole, au mwombe muuguzi awaeleze, ili anayepika asijione ameshindwa.

Kazi ya pili ni kumgeuza. Asiyeweza kujigeuza anahitaji kubadilishwa ubavu takribani kila baada ya saa mbili. Kunja shuka au kanga mbili, zitandike chini yake kuanzia mabegani hadi mapajani, kisha watu wawili mshike kingo na kumwinua kidogo mnapomsogeza. Msimburute, maana ngozi iliyodhoofika huchubuka kwa kukwaruzana na shuka. Kila mnapomgeuza, tazameni visigino, nyonga, viwiko na sehemu ya chini ya mgongo juu ya makalio. Vitabu vingi husema utafute wekundu, lakini juu ya ngozi nyeusi wekundu hauonekani kwa urahisi. Gusa kwa nyuma ya kiganja, ukisikia mahali pana joto, pagumu au palipovimba kuliko pembeni, basi kidonda kinaanza, na pasilaliwe tena. Usipasugue.

Maumivu nayaeleza kwa kirefu kidogo kwa sababu hapa ndipo watu wanapoteseka bila sababu. Mofini ya maji ya kunywa, dawa kali ya maumivu ambayo Daktari Anne Merriman, mwanzilishi wa Hospice Africa Uganda, aliipigania sana nchini humo, kwa kawaida hunywewa kila baada ya saa 4, kwa kuwa nguvu yake hudumu takribani muda huo. Familia nyingi huificha kabatini na kusubiri mpaka mgonjwa alie, kwa kuogopa kwamba ni dawa ya kufia au kwamba atakuwa teja. Ikitolewa kwa kipimo alichoandika mtaalamu, mofini haimharakishii mgonjwa kifo, na maumivu yaliyozuiwa mapema huhitaji dawa kidogo kuliko yaliyoachwa yakapanda. Wewe hupaswi kuongeza wala kupunguza kipimo. Unachoweza kufanya ni kufungua daftari, kuchora safu ya saa, dawa, na maumivu kwa namba kuanzia 0 hadi 10, na kuwazoesha wanaouguza kuliandika. Muuguzi akija na kukuta usiku tatu mfululizo zina namba 8 saa tisa za usiku, atajua la kufanya bila kubahatisha. Andika pia siku ambazo hakupata choo, kwa sababu mofini hufunga choo na mgonjwa huandikiwa dawa ya kulainisha pamoja nayo. Usingizi mwingi siku za mwanzo ni wa kawaida, lakini mgonjwa asiyeamka anapoitwa na kutikiswa ni jambo la kupiga simu mara moja.

Katika mazungumzo, mwache mgonjwa aongoze. Akitaka habari za mpira au za shamba lake, zungumzeni hizo. Akikuuliza, "Hivi nitapona?", usimwambie atapona, wala usichukue kazi ya daktari ya kumpa majibu ya vipimo, muulize yeye anaonaje, umsikilize hadi mwisho, kisha umwombe ruhusa ya kumwambia muuguzi kwamba ana maswali. Mara nyingi ndugu wanamficha mgonjwa, na mgonjwa naye anawaficha ndugu kwamba anajua. Usiwafichulie kwa nguvu, ila usishiriki kusema uongo. Katika imani, fuata ya mwenye nyumba: mwitie shehe au imamu, padri au mchungaji wake anapotaka, na kama dini yenu ni tofauti, usithubutu kumhubiria mtu ambaye hawezi kuinuka na kuondoka. Usilete dawa za kuponya yote ulizozisikia mtaani. Usipokee fedha wala zawadi za thamani, na mgonjwa akitaka kuandika wosia, taarifu mratibu ili apatikane mwanasheria. Usiuandike wewe, na usiwe shahidi wake.

Siku za mwisho mgonjwa hulala karibu muda wote, mikono na miguu hupoa, na pumzi husimama kwa kitambo kisha ikaendelea, wakati mwingine na mkoromo kooni unaowatisha walio nyumbani zaidi ya unavyomsumbua mwenyewe. Mlaze ubavu, endelea kumlowesha kinywa, na zungumza naye kana kwamba anasikia kila neno. Waambie ndugu mapema dalili hizi, ili waamue kwa utulivu kama watabaki nyumbani, nani aitwe kutoka safari, na kama padri aletwe kwa Mpako wa Wagonjwa au mgonjwa akumbushwe shahada na asomewe Yasini. Saa hizo wapishe jamaa wakae karibu. Wewe chemsha chai, wapokee watoto, shika simu.

Baada ya mazishi nyumba hujaa watu, kisha huwa tupu ghafla. Usiende tu siku ya msiba. Rudi baada ya majuma kadhaa, na tena baada ya arobaini, na mjane aliye katika eda ya miezi 4 na siku 10 mtembelee kwa namna inayokubalika kwao. Mkumbushe kwa upole kurudisha mofini iliyobaki hospitalini badala ya kuihifadhi, na kama ndugu wameanza kugombea shamba au nyumba, mwelekeze mapema kwenye msaada wa kisheria kabla hajatia saini karatasi yoyote. Wewe nawe keti na mratibu, mweleze yaliyokuelemea, na omba mapumziko kabla hujapangiwa familia nyingine.