SOMO: Programu ya kupona haraka baada ya upasuaji isife mradi ukiisha

Wakuu, ujumbe ni ule ule kila mara: "Tulifundishwa, tukaanza vizuri, sasa wodi imerudi kule kule." Naandika hapa mara moja, atakayeuliza tena nitamwelekeza huku.

Namna ya kuanzisha sitaigusa. Misingi inajulikana tangu miaka ya 1990, kwa kazi ya Henrik Kehlet, daktari wa upasuaji wa Denmark: mgonjwa asishindishwe njaa, maumivu yatulizwe bila kutegemea mofini peke yake, ale mapema, atoke kitandani mapema. Mifano yangu ni ya wodi ya akina mama waliojifungua kwa upasuaji.

Hatua ya 1. Programu iwe na mwenyewe, naye awe nesi wa wodi. Daktari bingwa yuko thieta, kliniki na vikaoni.

Hatua ya 2. Maagizo yote yaingie kwenye fomu ya kawaida ya wodi, yasikae kichwani mwa mtu.

Hatua ya 3. Intani (daktari aliye mafunzoni) na nesi mpya wafundishwe siku wanayoripoti. Wodi inabadilisha watu kila baada ya miezi michache, na kila anayehama anaondoka na mafunzo yake.

Hatua ya 4. Pima, kisha warudishie watu majibu. Hapa ndipo programu nyingi hufia. Uholanzi waliporudi kuziangalia hospitali zao miaka kadhaa baada ya mradi wa kuanzisha programu hii, baadhi ya hatua za kumhudumia mgonjwa zilikuwa zimelegea. Msiridhike na siku za kulazwa tu, maana zinaweza kubaki pale pale huku hatua hizo za huduma zinaachwa moja moja. Kila Ijumaa chukua mafaili kumi ya mwisho, andika mama alikunywa mara ya mwisho saa ngapi, alikula saa ngapi baada ya upasuaji, mpira wa mkojo ulitoka saa ngapi, alisimama saa ngapi. Bandika kwenye ofisi ya manesi.

ONYO: andika saa, usiweke tiki. Ukiuliza "alifunga kabla ya upasuaji?", aliyekunywa maji masaa mawili kabla na aliyekaa mkavu tangu saa mbili usiku hadi saa nane mchana wa kesho yake wote watapata tiki ile ile. Huyo wa pili ndiye programu ilianzishwa kwa ajili yake.

ONYO: namba zisitumike kumfokea mtu. Wiki inayofuata zitapikwa.

Hatua ya 5. Ongea na ndugu kabla ya upasuaji. Mama mkwe akiamini mzazi hatakiwi kula mpaka atoe upepo, uji utarudi nyumbani na chupa yake.

MASWALI

— Mkuu, kwani mgonjwa afunge masaa mangapi?
Operesheni ya kupangwa: chakula masaa 6, maji 2. Dharura, muulize mtu wa dawa ya usingizi. Somo hili si la hayo.

— Nirushie hiyo fomu yenu.
Hapana. Ina dawa za stoo yetu. Kaeni mtengeneze yenu, ndiyo hatua ya 2.

— Kwetu diklofenaki, dawa ya maumivu, huisha katikati ya mwezi. Tukipima si tutaonekana wazembe?
Swali zuri sana, dada. Ongeza safu moja: "kwa nini haikufanyika". Baada ya wiki chache mtaona kama tatizo ni stoo au ni mazoea. Likiwa stoo, mpelekee mfamasia karatasi hiyo mkononi, ina nguvu kuliko malalamiko. Wakati huo parasetamoli itolewe kwa saa zake, msingoje mama alie. Na diklofenaki ikirudi, mwenye tatizo la figo au anayevuja damu asipewe.

— Nje ya mada kidogo: ni kweli kutafuna bigijii kunasaidia tumbo lianze kufanya kazi tena baada ya upasuaji?
Kweli, tafiti za waliojifungua kwa upasuaji zinaonyesha hivyo. Ila mkimlisha mapema, faida yake hupungua. Anzeni na uji.