Marando ya viazi: ncha ndiyo inayotoa amri

Mvua za kwanza zikinyesha Misungwi, Magu na Ukerewe, watu hukimbilia mabondeni na kandokando ya ziwa kukata marando, yaani mashina ya viazi vitamu ya kupandia, yaliyovuka kiangazi. Haraka hiyo inatugharimu. Marando hukatwa popote, hurundikwa ovyo, kisha huchomekwa tutani upande wowote. Hapo naomba tutulie.

Ncha ya rando, penye majani machanga, hutengeneza homoni iitwayo auksini. Homoni hiyo hushuka ikipokezanwa seli kwa seli, kwa mwendo wa kama sentimita 1 kwa saa. Kila seli ina vilango vya protini, vingi vikiwa upande wake wa chini, ndiyo maana amri huenda upande mmoja. Ukikata rando, auksini hukosa pa kupita, ikajikusanya karibu na kidonda na kuchochea mizizi hapo. Seli hazigeuzi vilango kwa sababu wewe umegeuza rando. Ukilichomeka kichwa chini, homoni bado hufuata upande wa shina, ambao sasa uko juani. Mizizi huchelewa huku udongo unakauka.

Kata sehemu ya ncha, urefu wa sentimita 30 hivi. Shina kuukuu karibu na ardhi ndiko fukusi, mdudu anayetoboa viazi, hupenda kutaga. Mmea uliodumaa wenye majani yaliyokunjamana uache, hata ukipewa bure, kwa sababu virusi vimeshaenea mwili mzima. Mbegu safi ulizia kwa ofisa ugani au kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Ukiriguru.

Unapokata, laza marando yote yaelekee upande mmoja, maana ukishapunguza majani ya chini ni rahisi kuchanganya. Simamisha fungu kivulini, shina likiwa chini, ulifunike kwa gunia lenye unyevu siku 1 au 2. Ukilifungua, angalia kwenye vifundo: vinundu vyeupe vinavyochungulia ni mizizi, ishike taratibu. Panda kila sentimita 30, theluthi mbili ya rando ikiwa udongoni.

Na matembele? Kwenye kitalu cha mbegu, chuma ncha bila woga. Amri ya ncha ikiondoka, macho ya pembeni iliyokuwa imeyazuia huchipua, nawe unapata marando mengi. Shambani chuma kidogo tu, kwa kuwa majani ndiyo yanayolisha kiazi. Nyumba inayotegemea matembele itenge matuta mawili matatu karibu na jiko, yawe ya mboga tu.