Betri ya rimoti inakuonyesha plasi ya spika
Kama waya za spika za homu thieta yako zote rangi moja hujui plasi ni ipi, zima amplifaya, chomoa kwenye soketi, toa waya nyuma yake halafu zigusishe kwenye betri ya rimoti ya volti 1.5, gusa na kuachia usishikilie. Koni, ile sehemu ya mbele ya spika inayocheza, ikiruka kuja nje, waya iliyo upande wa plasi ya betri ndo plasi, ikizama ndani ni kinyume. Spika moja ikifungwa kinyume moja inasukuma nyingine inavuta, besi inapotea hata upandishe sauti vipi. Kwa twita, kile kispika kidogo cha sauti nyembamba, haisaidii, kale kadude hukaoni kakicheza, na sabufa yenye amplifaya yake ndani usiijaribu hivi. Ukirudisha waya sokota nyuzi vizuri, uzi mmoja ukigusa upande wa pili amplifaya inaweza kuungua.