Kupima Masafa kwa Usahihi: Makosa Yanapoingilia

Kihesabu masafa, yaani kifaa kinachopima wimbi la umeme linazunguka mara ngapi kwa sekunde (hezi), chenye tarakimu nane kinaweza kukosea kuanzia tarakimu ya sita bila fundi kutambua. Kiwashe na ukiache kipate joto kwa nusu saa hivi, kwani fuwele ya kwatsi iliyo ndani yake, ambayo ndiyo saa ya kila hesabu, huathiriwa na halijoto, na karakana ya Luthuli Avenue, Nairobi, asubuhi ya Julai hailingani na ile ya alasiri ya Februari. Fuwele iliyokosea sehemu 1 katika milioni hupotosha megahezi 10 kwa hezi 10, na kurefusha muda wa kuhesabu hakupunguzi kosa hilo. Aidha, fuwele huzeeka. Ilinganishe mara kwa mara na osileta (saketi inayozalisha mawimbi) inayoongozwa na GPS, au upeleke kifaa kwenye maabara za vipimo za KEBS (Shirika la Viwango la Kenya), South C.

Kosa jingine linatokana na kuhesabu kwenyewe, kwa kuwa mzunguko mmoja unaweza kuingia au kuachwa nje hesabu inapoanza na kukoma. Ukipima umeme wetu wa hezi 50 kwa sekunde 1, mzunguko huo mmoja ni asilimia 2 nzima! Afadhali upime muda wa mzunguko: milisekunde 20 zikihesabiwa kwa saa ya megahezi 10 hutoa mapigo 200,000, na pigo moja likizidi, kosa ni sehemu 5 katika milioni. Usiunganishe kamwe kifaa moja kwa moja na soketi ya ukutani. Tumia transfoma ndogo ya kushusha volti.

Wimbi la umeme huo hupanda polepole, hivyo kelele kidogo tu hulivusha mara mbili kizingiti, yaani kiwango cha volti ambacho kifaa hukihesabu kama mzunguko mpya. Niliwahi kusoma 61 mahali pa 50, nikaanza kuishuku fuwele, kumbe ilikosekana rezista na kapasita ya kuchuja kelele.

Kuwa mwangalifu zaidi na fuwele za saa za hezi 32,768. Probu (ncha ya kupimia) ikigusa mguu wa fuwele huongeza pikofaradi zake, yaani uwezo wake mdogo wa kuhifadhi chaji, masafa yakashuka, nawe ukayapandisha bila sababu. Pima kwenye pini ya kutolea mawimbi, iliyotengwa na fuwele; la sivyo, ukiiondoa probu saa itakimbia, na kosa la sehemu 20 katika milioni ni karibu sekunde 1.7 kila siku.