Kuishi na kufanyia kazi kwenye nyumba ya zamani Mji Mkongwe

Kama umepata nyumba ya zamani Mji Mkongwe na unataka uishi humo humo na kazi zako ufanyie humo humo, usihangaike kuigeuza sana. Nyingi zilijengwa kwa mtindo huo toka mwanzo, ziangalie zile nyumba za duka za Wahindi, milango mipana inafunguka njiani, biashara chini, familia juu. Fuata hivo hivo, ofisi au cherehani zako chini, kulala juu kwenye upepo.

Ila kabla ya meza na kompyuta, anza na ukuta. Ni mawe ya matumbawe na chokaa, unene kama nusu mita, na unyevu wa chini unaupanda kila siku, ukuta ukipumua unatoka wenyewe. Sasa fundi asiyezijua hizi nyumba atakwambia piga saruji mambo yaishe, usikubali kabisa!! Saruji inafungia maji ndani, baada ya muda plasta inavimba, ukiigonga kwa kidole inalia kama kuna uwazi nyuma, halafu inabanduka bamba zima unakuta unga mweupe wa chumvi. Piga plasta ya chokaa na mchanga, tabaka nyembamba nyembamba, uwe unainyunyizia maji isikauke kwa pupa, na juu yake paka chokaa, sio rangi ya mafuta.

Halafu boriti. Dari linabebwa na boriti za mikoko na urefu wake ndo umefanya vyumba viwe vyembamba, mita 2.5 mpaka 3 hivi, kwa hiyo usije ukavunja ukuta wa kati eti upate ofisi kubwa, boriti zitalala juu ya nini? Kagua pale zinapoingia ukutani, choma na bisibisi, ikizama kirahisi boriti imeoza, badilisha. Paa linalovuja ziba kabla ya masika. Beit al-Ajaib yenyewe, lile Jumba la Maajabu la 1883, sehemu yake iliporomoka Desemba 2020, kwa hiyo ufa usiuchekee.

Meza weka ndefu na nyembamba kufuata ukuta, mashubaka, yale matundu ya kuwekea vitu yaliyojengwa ndani ya ukuta, yawe rafu za mafaili. Kazi ya simu na mikutano chukua chumba cha upande wa uani, maana njiani kuna adhana, kengele za kanisa, hekalu, watoto wa madrasa, na huo ndio uhai wa mtaa, huwezi kuuzima.

Kibali ni lazima, mji uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2000, nenda Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe kabla hujagusa mlango wa nakshi, dirisha au baraza. Baraza usiliwekee jenereta wala bango, watu wanakaa hapo, wakikuzoea ndio watakaowaelekeza wateja wako mpaka mlangoni. Na siku ya kuanza kugonga nyundo wapitie majirani uwaambie mapema, kuta nyingine mnachangia na boriti zao zimeingia humo humo.