Kumwandika mhusika wakili mwenye dosari

Naandikia kikundi chetu cha maigizo hapa Majengo, Mombasa. Wakili wa namna hii nilijifunza kwa Alan Shore wa Boston Legal, tamthilia ya televisheni ya Marekani (2004–2008), aliyeigizwa na James Spader. Mpe kosa la kweli: adanganye, atishe mtu. Kisha mletee mteja mnyonge asiye na mwingine. Wangu anatoka feri ya Likoni, kola imelowa jasho, kashika mahamri aliyopewa na mteja badala ya ada. Mafuta yanapenya hadi kwenye faili. Hapo ukumbini watu hunyamaza, wakampenda kabla hawajamsamehe.

Hotuba ya mahakamani fupisha. Rafiki usimsahau: Shore huketi na wakili mwenzake Denny Crane roshanini usiku, wakivuta sigara nene. Kikao hicho kiandike kwanza, kesi baadaye.