Shokapu za Toyota Prado 120: pima gari lako kwanza, ndipo uende dukani

Wiki tatu zilizopita shemeji yangu alinipigia simu akiwa ndani ya duka la spea. Shokapu nne zilikuwa juu ya kaunta, na muuzaji alikuwa anasubiri hela. "Shemeji, za Prado 120 si ndizo hizi?" Nikamwomba azirudishe na aje na gari nyumbani kabla hajalipa hata shilingi. Yeye anaishi Karatu, na kila mwezi anapandisha mizigo kutoka Mto wa Mbu kwenda Engaruka na Ngaresero, rafu rodi ambayo haisamehi shokapu mbovu. Prado yake aliinunua kwa mtu, na gari lililopita mikononi mwa mtu usilichukulie kuwa bado ni lile lililotoka kiwandani. Yafuatayo ndiyo tuliyofanya.

Hatua ya 1: Hakikisha ugonjwa ni wa shokapu

Ingia uvunguni na tochi. Shokapu yenye utando mwembamba wa oili ulioshika vumbi bado ni nzima. Iliyolowa mpaka oili inachuruzika imekufa. Pitisha kiganja juu ya tairi: ukikuta mabonde na vilima kuzunguka tairi, gurudumu limekuwa likirukaruka. Ile desturi ya kukandamiza boneti na kuhesabu gari linadunda mara ngapi siitegemei, kwa sababu shokapu iliyobakiza nusu ya nguvu inaufaulu mtihani huo bila shida.

Kama gari limekaa chini upande wa nyuma, shokapu mpya hazitaliinua. Springi ndiyo inayobeba gari. Kazi ya shokapu ni kuituliza springi. Kama umeongeza keria, bampa la chuma na tangi la pili, tafuta kwanza springi zinazomudu uzito huo, kisha rudi kwenye shokapu.

Hatua ya 2: Jua kiwanda kilifunga nini

Soma kibati cha kiwandani chenye maelezo ya gari na uandike namba nzima ya modeli (model code) pamoja na namba ya chasisi. "Prado ya 2005" haimwambii muuzaji chochote cha maana. Gari lililotengenezwa kwa soko la Japani na lile lililotengenezwa kwa soko la nje yanaweza kutofautiana huku chini.

Kisha angalia mambo mawili. Je, karibu na gia kuna kitufe cha kuchagua kati ya "comfort" na "sport"? Kama kipo, fungua boneti: juu ya shokapu za mbele utaona kofia yenye waya wa umeme. Hizo ni shokapu za kurekebishwa kwa umeme, TEMS, na za kawaida hazichukui nafasi yake moja kwa moja. La pili, tazama nyuma kama kuna koili (springi za kuzunguka) au mabegi ya hewa yanayobeba gari badala ya koili.

Na kama gari lako ni Land Cruiser 100 yenye AHC (mfumo wa kupandisha na kushusha gari kwa oili), mwongozo huu haukuhusu. Gari hilo linasimama kwa msaada wa oili yenye presha na matufe yaliyofungwa kwenye chasisi. Kuliondolea mfumo huo maana yake ni kubadili springi pia, na hiyo ni kazi nyingine kabisa.

Hatua ya 3: Pima gari lilivyo leo

Hatua hii ilinigharimu siku mbili na hela za bushi (raba za kwenye viungo) nisizozihitaji, kwa hiyo nitaieleza taratibu.

Nilifunga shokapu mpya za nyuma, saizi ya kiwandani, kwenye Prado ambayo mwenyewe wa kwanza alishaiinua kwa koili ndefu. Sikulijua hilo. Kila tulipovuka tuta, matairi ya nyuma yakiwa yanashuka, kulisikika mlio mmoja: ko! Nikabadili linki za stabilaiza. Ko! Nikabadili bushi za mikono ya difu, yaani mikono inayoshikilia ekseli ya nyuma. Ko! Siku ya pili jioni nililala uvunguni nikamwambia kijana wangu apandishe chasisi kwa jeki polepole. Niliona kwa macho yangu shokapu ikifika mwisho wa kutanuka huku tairi bado limekanyaga ardhi. Kila tuta lilikuwa linainyofoa shokapu kwa nguvu mpaka kikomo chake.

Kwa hiyo pima, upande wa nyuma, hivi:

Gari likiwa chini, mahali tambarare, na mzigo unaobeba siku zote, pima shokapu ya zamani kuanzia katikati ya tundu la chini mpaka kwenye bega la juu linapokalia bushi. Andika. Hapohapo pima nafasi iliyopo kati ya ekseli na raba ya kikomo, ile raba nene inayopokea ekseli gari linapodidimia. Andika.

Sasa pandisha chasisi, iweke juu ya stendi imara, jeki ibaki chini ya difu, kisha fungua shokapu upande wa chini. Nasisitiza, kwa sababu mara ya kwanza nilipima bila kuifungua. Kwenye Prado hii shokapu yenyewe ndiyo inayozuia ekseli isishuke zaidi, hivyo ukiiacha imefungwa utakuwa unapima shokapu mbovu iliyopo badala ya gari. Ikishafunguliwa, shusha jeki kidogokidogo. Mkono mmoja uwe kwenye koili, macho yawe kwenye paipu ya breki, waya wa ABS na kipumulio cha difu. Koili ikianza kulegea kwenye kikalio chake, au paipu ikianza kukaza, simama. Rudisha juu kama sentimita mbili, kisha pima kutoka bega la juu mpaka tundu la chini litakapokaa. Huo ndio urefu ambao shokapu mpya isiuzidi ikitanuka yote. Usiiache ekseli ining'inie kwa paipu ya breki hata dakika moja.

Hesabu inakwenda hivi. Tuseme gari likisimama shokapu ina sm 49, kikomo cha kutanuka ni sm 60, na nafasi mpaka kwenye raba ni sm 7. Raba nayo inabonyea gari likipiga shimo, hivyo ongeza sm 3. Toa 10 kwenye 49, unabaki na 39. Acha sentimita moja na nusu ya usalama: shokapu mpya ikifungwa yote iwe sm 37.5 au chini ya hapo. Ikizidi, itagonga mwisho wake kabla ya raba, na hapo pistoni au kishikio cha juu kitavunjika.

Shokapu yenye sm 54 ikitanuka ingebakiza sm 5 tu kwenye gari hilo, na huo ndio mlio wa ko. Yenye 59 wazi na 37 ikifungwa inakaa vizuri. Mimi nataka ibaki na sm 8 au zaidi za kutanuka gari likiwa limesimama.

Pima kushoto na kulia. Kwa shemeji tulikuta koili mbili zisizolingana, moja ndefu kuliko mwenzake. Tulibadili koili kwanza, tukarudia vipimo vyote.

Hatua ya 4: Aina

Shokapu ya mirija miwili ina oili katika mirija ya ndani na ya nje, pamoja na gesi ya presha ndogo. Ni laini, na bei yake inavumilika. Ila ukiikimbiza muda mrefu kwenye rafu rodi, oili inapata moto na kuchanganyika na gesi, inafanya povu, na gari linaanza kuelea. Ya mrija mmoja ina pistoni ya pili inayotenga gesi na oili, hivyo povu halipati nafasi, na joto linatoka haraka kwa sababu oili inagusa ukuta wa nje. Udhaifu wake ni jiwe: mrija ukibonyea, pistoni inakwama.

Kwa gari la mjini na lami nafunga KYB Excel-G, na sioni sababu ya kulipa zaidi. Kwa safari za shemeji nilichagua Old Man Emu Nitrocharger. Ni ya mirija miwili, lakini mwili wake ni mnene, na njia ya shemeji ina mawe mengi mno kwa shokapu ya mrija mmoja. Bilstein B6 ni ya mrija mmoja, nzuri sana kwa anayekimbia mbali kwenye changarawe laini. Shokapu za mtumba sifungi, hata zikiwa zinang'aa: huwezi kuona ndani zimebakiza nini.

Hatua ya 5: Dukani

Nenda na karatasi ya vipimo na ile shokapu ya zamani. Linganisha namba iliyogongwa kwenye mwili wa shokapu na iliyo kwenye boksi, kisha itafute kwenye katalogi ya kampuni kwa simu yako ukiwa bado hapohapo. Ile ya gesi ukiibana na kuiachia lazima irudi yenyewe. Ikibaki chini, gesi imetoka. Nunua jozi kwa ekseli, kamwe usinunue moja.

Hatua ya 6: Kufunga

Ya mirija miwili ishike wima, uibane na kuitanua mara tatu mpaka tano kabla ya kuifunga, hewa ipande juu. Usishike rodi yake kwa plaizi: mkwaruzo mmoja unaikata sili, ile raba inayozuia oili isitoke. Nati za kwenye bushi zikaze mwisho gari likiwa limekanyaga chini, vinginevyo bushi zitaishi zimejipinda na kupasuka mapema. Mbele, koili imefungwa pamoja na shokapu. Kama huna kibanio cha koili kilicho imara, mpe fundi aliye nacho, kwa sababu koili ikifyatuka inaua. Baada ya kugusa mbele, fanya alaimenti, yaani kunyoosha matairi.

Ukimaliza safari ya kwanza ya rafu rodi, simama na uguse shokapu zote kwa tahadhari. Za ekseli moja zinatakiwa ziwe na joto linalolingana. Iliyobaki baridi haifanyi kazi. Shemeji aliporudi kutoka Ngaresero tulizigusa hapo uani kabla hajashusha hata gunia: kushoto na kulia joto lilikuwa sawa, mbele na nyuma. Nati ya juu ya nyuma kulia ilikubali robo mzunguko, tukaikaza.